MUHURI WA INJINIA USIISHIE LANGONI MWA KIWANDA



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, saa za ziada, nyumba za kambini na likizo ya uzazi. Safari hii tunataka kuzungumza juu ya kitu kidogo kinachokaa ndani ya droo ya injinia, nacho ni muhuri wake. Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wasomi, hayatuhusu sisi tunaoshika mashine na mapanga. Sisi tunasema yanatuhusu kuliko yanavyomhusu injinia mwenyewe. Injinia akikosea anaweza kupoteza kazi yake. Sisi tunaosimama chini ya paa alilolichora na kando ya boila alilolikubali, tunapoteza maisha.

Mfano wetu tunautoa Marekani. Hatufanyi hivyo kwa kuwa tunadhani kila kitu cha huko ni kizuri. Tunafanya hivyo kwa sababu sheria za muhuri wa injinia huko ni za zamani, zimeandikwa kinaganaga, na misiba iliyozizaa imeandikwa pia. Tena katika sheria hizo limo tundu moja kubwa, na tundu hilo liko mahali pale pale anaposimama mfanyakazi wa kiwanda. Wazee walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

MUHURI HUU NI KITU GANI

Marekani ina majimbo 50. Leseni ya uinjinia haitolewi na serikali kuu ya Washington bali na kila jimbo, na kila jimbo lina bodi yake. Anayetaka leseni kwa kawaida husoma chuo kikuu, hufanya mtihani wa kwanza, hufanya kazi kama miaka minne, kisha hufanya mtihani wa pili. Akifaulu, bodi humpa namba. Ndipo anaporuhusiwa kuwa na muhuri wenye jina lake, namba yake, jina la jimbo, na maneno ya kuonyesha kwamba yeye ni injinia mwenye leseni. Zamani muhuri ulikuwa wa chuma, unaobana karatasi mpaka alama inatuna. Ukaja wa mpira na wino. Siku hizi majimbo mengi yanakubali pia muhuri na saini za kompyuta.

Sheria za kuutumia zinatofautiana kidogo jimbo kwa jimbo, lakini mambo makubwa ni haya.

Injinia hapigi muhuri peke yake. Kwa kawaida lazima atie saini na tarehe, ili ijulikane ni nani aliyekubali na lini.

Haruhusiwi kupiga muhuri kwenye kazi ambayo hakuifanya yeye, wala haikufanywa chini ya usimamizi wake. Mtu mwingine hawezi kuchora usiku, asubuhi akampelekea injinia karatasi na bahasha. Huko kunaitwa kuuza muhuri, na kwa kosa hilo bodi inaweza kumnyang'anya mtu leseni.

Haruhusiwi kupiga muhuri kwenye kazi asiyoijua. Injinia wa umeme asitie muhuri kwenye ramani ya daraja.

Muhuri wa jimbo moja hauna nguvu katika jimbo jingine mpaka apate leseni ya huko. Na leseni ikifutwa, muhuri umekufa. Kuutumia ni kosa.

Ukiyajumlisha mambo haya yote, muhuri unasema neno moja tu: "Mimi fulani, mwenye jina hili na namba hii, ndiye nitakayejibu." Hausemi kwamba kampuni itajibu, wala idara. Unamtaja mtu. Hapo ndipo ulipo uzito wake.

SHERIA ZILIFUATA MAKABURI

Sheria ya kwanza ya kuwapa mainjinia leseni huko Marekani ilitungwa Wyoming mwaka 1907. Wyoming ni nchi kavu, na kila mkulima aliyetaka kuchukua maji ya mto alitakiwa kupeleka ramani serikalini. Injinia mkuu wa jimbo wakati huo, Clarence Johnston, aliona kwamba ramani zinachorwa na yeyote yule. Mawakili walichora, na hata watu ambao kazi yao ilikuwa kushuhudia saini walichora. Mipaka ya maji ikawa vurugu. Jimbo likaamua kwamba atakayechora awe mtu aliyepimwa na kuandikishwa.

Huko hakufa mtu. Lakini majimbo mengine yalingoja mpaka watu wafe.

Angalieni California. Mji wa Los Angeles ulijenga bwawa la St. Francis kuhifadhi maji yake. Mkubwa wa maji wa mji huo alikuwa William Mulholland, mtu aliyeanza kazi kwa kusafisha mifereji, akajisomea mwenyewe mpaka akawa injinia mashuhuri. Hatumdharau mtu aliyejifunza kazini. Wengi wetu ndivyo tulivyojifunza. Lakini sikilizeni yaliyotokea. Asubuhi ya tarehe 12 Machi 1928 mlinzi wa bwawa aliona maji yanavuja, na aliogopa kwamba yanatoka na tope. Akatoa taarifa. Mulholland akaja, akatazama, akasema bwawa ni salama, akarudi mjini. Usiku huo huo, dakika chache kabla ya saa sita, bwawa lilipasuka. Watu zaidi ya 400 walikufa.

Ni akina nani waliokufa? Bonde zima lilifagiliwa, na humo mlikuwamo kambi ya vibarua wa kampuni ya umeme waliolala kwenye mahema. Walikuwamo vibarua wa mashamba, wengi wao watu wa Mexico, waliolala na wake na watoto wao karibu na mto. Wavuja jasho kama sisi, katika nyumba kama zetu. Baraza lililochunguza vifo hivyo lilisema kwamba kazi kubwa kama bwawa isiachwe kamwe mikononi mwa hukumu ya mtu mmoja, hata awe mashuhuri namna gani. Mwaka uliofuata, 1929, California ilitunga sheria ya kuwaandikisha mainjinia wa ujenzi, na mabwawa yakawekwa chini ya ukaguzi wa jimbo.

Angalieni na Texas. Huko New London, penye visima vya mafuta, palikuwa na shule kubwa na nzuri, na watoto wengi walikuwa wa wafanyakazi wa visima hivyo. Ili kupunguza gharama, shule iliunganishwa na bomba la gesi ya masalio ambayo makampuni yalikuwa yakiichoma bure. Gesi hiyo haikuwa na harufu. Ikavuja, ikajaa chini ya sakafu bila mtu kujua. Tarehe 18 Machi 1937, zikiwa zimebaki dakika chache watoto waende nyumbani, cheche moja iliiwasha. Karibu watoto na walimu 300 walikufa. Baba zao ndio waliofukua kifusi kwa mikono yao. Mwaka ule ule Texas iliamuru gesi itiwe harufu ili watu waijue inapovuja, na ikatunga sheria ya kuwaandikisha mainjinia.

Kwa hiyo anayekuambia kwamba muhuri ni mambo ya ofisini, mwambie akahesabu makaburi ya New London.

KANSAS CITY: MUHURI WENYE MENO

Sheria isiyo na meno ni karatasi. Je, muhuri huu una meno? Mwaka 1981 ulipata mtihani wake.

Katika mji wa Kansas City, jimbo la Missouri, palijengwa hoteli kubwa iitwayo Hyatt Regency. Ndani ya ukumbi wake palikuwa na njia za kupita watu, zimening'inizwa hewani kwa fito za chuma kutoka darini. Njia ya ghorofa ya nne ilikuwa juu, na ya ghorofa ya pili chini yake. Ramani ya kwanza ilionyesha ufito mmoja mrefu unaotoka darini, unapita kwenye njia ya juu, unafika mpaka njia ya chini. Waliotengeneza vyuma waliona ufito mrefu namna hiyo ni taabu. Wakapendekeza vipande viwili: kimoja kutoka darini mpaka njia ya juu, na kingine kutoka njia ya juu mpaka ya chini.

Ndugu wachuma chai wataelewa upesi. Funga kamba kwenye boriti, kisha vikapu viwili vilivyojaa uvifunge kwenye kamba hiyo hiyo, kimoja juu na kimoja chini. Mshikio wa kila kikapu unabeba kikapu chake tu. Sasa fungua kile cha chini, ukining'inize kwenye kile cha juu. Kamba ya juu inabeba uzito ule ule wa zamani, lakini mshikio wa kikapu cha juu sasa unabeba vikapu viwili. Utakatika.

Ndivyo ilivyokuwa. Ramani za mabadiliko zilipelekwa kwa mainjinia, zikarudi zimepigwa muhuri wa kwamba zimepitiwa. Hakuna aliyepiga hesabu upya. Tarehe 17 Julai 1981, ukumbi ukiwa umejaa watu wanaocheza dansi, njia ya juu ilichomoka, ikaiangukia ya chini, zote mbili zikawaangukia watu. Walikufa 114, na zaidi ya 200 waliumia.

Mainjinia walijitetea kwamba kiungo kile kilikuwa kazi ya watengenezaji wa vyuma. Jaji aliyesikiliza shauri lao alikataa. Alisema aliyetia muhuri wake kwenye ramani anabeba jukumu la ramani, wala hawezi kulitupia mtu mwingine. Mwaka 1986 mainjinia wawili walinyang'anywa leseni zao za Missouri, na kampuni yao ikapoteza kibali chake. Hakuna aliyefungwa gerezani, na fedha hazifufui mtu. Lakini tangu siku hiyo kila injinia wa Marekani anafundishwa kisa hiki, na anapoushika muhuri wake anaikumbuka Kansas City.

Kwa hiyo meno yapo. Swali letu ni hili: meno hayo yanamlinda nani?

TUNDU LILILO LANGONI

Ndugu, hapa ndipo tunapotaka mkae vizuri mtusikilize.

Katika majimbo mengi ya Marekani, injinia akijenga shule, daraja, hoteli au bwawa la umma, lazima awe na leseni na muhuri. Lakini akiajiriwa na kampuni ya kiwanda, akafanya kazi kwenye mashine, mabomba na bidhaa za tajiri wake, sheria inamsamehe. Hahitaji leseni. Hatii muhuri. Mainjinia walio wengi huko hawana leseni kabisa, na sababu kubwa ni msamaha huu.

Texas, ile ile ya New London, sheria yake inasema hivyo. Mwajiriwa wa kampuni anaruhusiwa kusimamia marekebisho ya majengo na mitambo ya kampuni bila leseni, ikiwa mahali hapo si pa kuingia umma.

Pasipoingia umma! Maneno hayo tuyatafune polepole. Kiwandani huingia mamia ya watu kila alfajiri. Wanakaa humo saa nane, saa kumi, saa kumi na mbili. Wanakula humo. Wengine wanazeeka humo. Mteja anayeingia hotelini kunywa chai dakika ishirini ni umma, na sheria inamtafutia injinia mwenye muhuri. Mfanyakazi anayesimama chini ya boriti ile ile miaka ishirini si umma. Sisi tunauliza: yeye ni nani basi? Ni sehemu ya mashine?

Wenye viwanda watasema kwamba serikali haina haja ya kuingia ndani ya lango la mtu. Lakini historia ya huko huko inawakana. Tarehe 20 Machi 1905, katika mji wa Brockton, jimbo la Massachusetts, boila la kiwanda cha viatu lililipuka. Lilipasua sakafu, likapaa, na jengo zima likaanguka na kuwaka moto wafanyakazi wakiwa ndani. Walikufa 58. Mwaka 1907 Massachusetts iliunda bodi ya kutunga kanuni za maboila. Miaka michache baadaye chama cha mainjinia wa mitambo kikatoa kanuni ambazo leo zinatumika nchi nyingi, na boila linalotengenezwa kwa kanuni hizo hugongwa alama yake. Kwa hiyo serikali inaweza kuingia langoni. Boila lilipata muhuri wake. Aliyeachwa bila kutakiwa muhuri ni mtu anayechora na kubadilisha mabomba yanayotoka kwenye boila hilo.

Jimbo lile lile la Massachusetts lilipigwa tena mwaka 2018. Shirika la gesi lilikuwa linabadilisha mabomba ya zamani. Mashirika ya huduma za namna hiyo yalikuwa yamesamehewa muhuri, kwa hiyo ramani ya kazi haikupitiwa na injinia mwenye leseni. Vifaa vinavyopima presha vilikuwa vimeunganishwa na bomba kuukuu, na karatasi ya kazi haikusema kwamba vihamishwe. Tarehe 13 Septemba wafanyakazi walilitenga bomba kuukuu, kama karatasi ilivyowaagiza. Vifaa vikaona presha inashuka, vikafungulia gesi zaidi na zaidi kwenye mabomba mapya. Nyumba zikaanza kulipuka na kuwaka moto katika miji mitatu. Kijana mmoja alikufa, watu zaidi ya 20 waliumia, na majengo zaidi ya 100 yakaharibika.

Angalieni vizuri: wafanyakazi walifanya walivyoambiwa na karatasi. Kosa lilikuwa ndani ya karatasi. Na juu ya karatasi hapakuwa na jina la mtu aliyeweka leseni yake rehani. Kabla mwaka haujakwisha, jimbo lilitunga sheria kwamba kazi za gesi za namna hiyo lazima zipigwe muhuri wa injinia. Wachunguzi wa serikali kuu waliyataka na majimbo mengine yenye msamaha huo yauondoe. Mwaka 2020 shirika lilikiri kosa mahakamani na kutozwa faini ya dola milioni 53.

HOJA ZA WAAJIRI NA MAJIBU YETU

Mwajiri atasema: "Kampuni yenyewe inajibu mahakamani. Muhuri wa nini tena?" Tunamjibu: kampuni inajibu baada ya mazishi. Faini hulipwa kwa fedha, nayo fedha hutoka kwenye jasho letu. Faida ya muhuri iko kabla ya ajali. Meneja anapomwambia injinia, "Fungua mashine kesho, oda imechelewa," injinia mwenye muhuri anaweza kujibu, "Bwana meneja, hii ni leseni yangu, siwezi." Asiye na muhuri atasema nini? Atasema, "Ndiyo bwana."

Mwajiri atasema: "Ni gharama." Ni kweli, ni gharama. Hata viatu vya kazi ni gharama, na helmeti ni gharama. Kila kinachomlinda mfanyakazi kimewahi kuitwa gharama.

Mwajiri atasema: "Fundi wangu ana miaka 30 kazini, anajua kuliko vijana wa chuo." Hapa tusikimbilie kumpinga, maana mara nyingi ni kweli. Mlinzi wa bwawa la St. Francis ndiye aliyeogopa, na mkubwa ndiye aliyesema salama. Hatutaki muhuri uwe fimbo ya kuwafukuza mafundi wetu wasio na vyeti. Tunataka fundi asikilizwe, na anayetia muhuri aandike kwamba alimsikiliza. Tena fundi ndiye anayeumia kwanza utaratibu huu usipokuwapo, kwa kuwa ajali ikitokea bila karatasi yenye jina, tajiri humtafuta fundi.

Na wapo kati yetu watakaosema: "Muhuri haushiki ukuta. Ramani za Kansas City si zilikuwa na muhuri?" Ndugu hao wana haki. Muhuri unaopigwa bila hesabu ni wino tu. Injinia aliyepewa kazi za watu watano na muda wa mtu mmoja atapiga muhuri macho yamefumba. Kwa hiyo hatuombi muhuri peke yake. Tunaomba na muda wa kukagua, na ulinzi kwa yule anayekataa. Injinia naye ni mwajiriwa. Ana kodi ya nyumba na karo za watoto. Akifukuzwa kwa sababu alikataa kutia muhuri kwenye jambo la hatari, siku hiyo chama kinapaswa kusimama naye, hata kama jana hakutusalimia.

KWETU SISI

Sheria za kuwaandikisha mainjinia si ngeni katika nchi zetu. Tanzania ilitunga ya kwake mwaka 1968, Kenya na sisi Uganda mwaka 1969, na baadaye wenzetu wakazitunga upya. Bodi zipo. Iko pia Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006, inayotaka boila na mitambo ya kunyanyua mizigo ikaguliwe. Karatasi tunazo. Lakini karatasi inayokaa kwenye kabati la meneja haimlindi mtu.

Nasi mashambani tusidhani haya ni ya mjini. Mwezi Mei mwaka 2018, huko Solai nchini Kenya, bwawa la shamba kubwa lilipasuka usiku baada ya mvua nyingi, likaua watu zaidi ya 40 majumbani mwao. Miaka 90 ilikuwa imepita tangu St. Francis, na maji yalikwenda mahali pale pale: nyumba za wanyonge zilizo bondeni. Kila shamba lenye bwawa juu na kambi chini lina sababu ya kuuliza.

Kwa hiyo tunapendekeza matawi yote, mnapokaa kuzungumza mkataba wa pamoja, mpeleke madai haya matano:

1. Kila boila, winchi, tangi la presha, bwawa na jengo jipya au lililoongezwa liwe na karatasi yenye jina, namba na saini ya injinia aliyeandikishwa, pamoja na tarehe. Nakala ibandikwe mahali tunapoiona, kwa lugha tunayoisoma.

2. Mashine au bomba likibadilishwa, karatasi mpya itolewe. Ruhusa ya jana isitumike kwa mtambo wa leo. Kansas City na Massachusetts, kilichoua watu ni mabadiliko ambayo hakuna aliyeyapigia hesabu.

3. Mwakilishi wa wafanyakazi afuatane na mkaguzi anapopita, wala asiletewe habari ofisini baada ya chai. Fundi wa mtambo aulizwe, na maneno yake yaandikwe.

4. Injinia au fundi atakayekataa kuidhinisha jambo la hatari asifukuzwe wala asihamishwe kwa sababu hiyo.

5. Mfanyakazi atakayeondoka mahali penye hatari ya wazi asikatwe mshahara. Mkataba wa 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi mwenye sababu ya haki ya kuamini kwamba maisha yake yamo hatarini alindwe asiadhibiwe kwa kuondoka. Hatuombi hisani.

Madai haya hayahitaji elimu ya chuo kikuu. Sisi wenyewe tuliishia shule ya msingi, na tunaweza kusoma jina, namba na tarehe. Mnapoingia kazini kesho, tazameni ubavuni mwa boila. Tazameni ukutani penye winchi. Kama hakuna jina la mtu, muulizeni msimamizi kwa adabu: "Bwana, ni nani aliyekubali mtambo huu, na lini?" Asipojua, mpeni muda akaulize. Akirudi bila jibu, leteni habari kwenye tawi, mkiwa wengi, maana mmoja hutishwa na wengi husikilizwa.

Wabunge wetu nao tunawaambia hivi: mtakapotunga upya sheria za uinjinia, wenye viwanda watakuja kuomba msamaha kama ule wa Texas. Watasema ndani ya lango hamna umma. Msikubali. Umma umo. Ndio unaowapigieni kura, na ndio unaotengeneza sukari mnayotia kwenye chai.

Anayejenga shule hutia jina lake kwa ajili ya watoto wetu. Anayejenga kiwanda atie jina lake kwa ajili ya wazazi wao.

Umoja ni nguvu. Mshikamano daima!